Baba Kumi na Wanane

Baba,

Maji yamefika. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya salamu.

Nazungumzia wale akina mama wa Gachoka. Mteremko wao uliupima wewe mwenyewe kabla ya kulazwa, kwa njia yako ile: unasimama mtoni, unatazama mbele bila kuinua kidevu, pale macho yanapogonga kilima unapanda kusimama, unahesabu mmoja. Kwenye daftari uliandika, "Mtoni hadi tangi: mimi 18." Nikazidisha kumi na nane kwa kimo changu hadi machoni, nikapata mita ishirini na saba na nusu. Pampu yao inapandisha maji mita thelathini. Nikasema inatosha.

Baba, nilisahau huyo "mimi" ni nani.

Siku ya kuwasha, pampu ilinguruma, bomba likajaa, na kwenye tangi halikutoka hata tone. Wamama walikuwa wameshapanga mitungi. "Ongeza mafuta," mmoja akasema. Mwenyekiti wao, Mama Muthoni, akakata shauri: "Hii pampu ni mbovu. Tuirudishe dukani, na safari hii tuite fundi wa Embu." Nilitamani kukubali. Lawama ingemwendea mwenye duka, nami ningeepuka aibu.

Lakini nikafungua bomba katikati ya mteremko. Maji yakaruka kwa nguvu, yakatulowesha sote. Nikakusikia ukinigombeza: "Usidanganywe na maji mengi huko chini. Kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyopungua, na mwisho yanasimama tu." Pampu ilikuwa nzima. Nikawaambia, "Makosa ni yangu. Nipeni mpaka kesho."

Nyumbani Mama hakunibembeleza. Alinionyesha mlango wa jikoni, pale juu ulipokuwa ukigonga paji la uso kila asubuhi na kumlaumu seremala. "Mimi napita hapa bila kuinama," akasema, "na wewe pia." Nikapima, nikatoa vidole vinne kushuka hadi machoni pako. Mita moja na sentimita sabini. Mara kumi na nane ni zaidi ya mita thelathini. Maji yalikuwa yamekwama hatua chache tu chini ya tangi. Nikalia hapo mlangoni, tepu mkononi. Tangu tukuzike sikuwa nimelia.

Leo tumeshusha tangi mita kumi, na mashamba yote bado yako chini yake. Pipa likiwekwa mdomoni mwa bomba linajaa kabla chai haijachemka. Mama Muthoni ameniita fundi, mbele ya watu.

Pumzika, Baba. Nakuahidi sitatumia tena kipimo cha mtu bila kujua kimo chake. Kilima kile nimekipanda upya kwa miguu yangu, hadi pale tangi lilipokuwa mwanzo, na chini ya mwandiko wako nimeandika: "Baba 18. Mimi 20."