Denis na Cheti cha Tovuti Yetu

Jumamosi, Kasubi. Mvua imenyesha asubuhi yote, imetuachia matope na baridi.

Nina wivu. Afadhali niliandike hilo mapema.

Mke wangu, Akello, anauza majiko yanayotengenezwa Katwe. Tovuti yake niliiunda mimi, na seva yake ni kompyuta ndogo iliyopo hapa sebuleni. Wiki hii kila mteja anayeifungua anaonywa kwamba si salama. Shule moja iliyotaka majiko makubwa imeanza kusita.

Jana nilitengeneza cheti cha usalama, kile kinachothibitisha kwamba tovuti ni ya kweli, nikakitia sahihi mwenyewe. Onyo likazidi kuwa kali.

Leo Akello akamwita Denis bila kuniambia.

Denis alikua naye tangu utotoni kwenye kambi ya polisi, na kazi hizi anaziweza. Alinisalimu vizuri, akakaa kwenye kiti changu, wakaanza kuongea Kiacholi, lugha yao. Mimi ni Mkenya wa Kakamega, sijui hata neno. Wakacheka. Nikaenda jikoni kuangalia chai ambayo hata haijachemka.

Niliporudi nayo, Denis akanieleza kwa upole. "Shemeji, cheti kinatakiwa kitiwe sahihi na mamlaka inayoaminika. Hao wa mamlaka wakija mtandaoni kuhakiki seva yako, wanakuta umefunga mlango wa kupitia."

Mlango huo niliufunga mimi, nikidhani nazuia wezi wa mtandaoni.

Akaufungua, akaomba cheti kipya, na alama ya kufuli inayoonyesha tovuti ni salama ikatokea kabla hajamaliza chai. Akello akapiga makofi.

Mimi niliyeiunda tovuti yenyewe sikuwahi kupigiwa makofi.

Denis alipoondoka nilinuna, kisha nikamuuliza Akello kwa nini hakuniachia mimi.

"Baba Joy, kila nikikuuliza unasema bado kidogo," alisema. "Ungesema hujui, ningekaa na wewe tutafute pamoja."

Nikakusanya vikombe vya chai.

Sasa yuko kibarazani, anaongea na ile shule kwa simu. Nasikia wamekubali. Nafurahi kwa ajili yake, kweli kabisa, lakini kicheko kile bado kinaniuma kuliko cheti.

Baada ya miezi mitatu cheti kitaisha muda wake. Akikata simu nitamwambia wazi kwamba sijui kukifanya upya.

Halafu nitamuuliza walikuwa wanacheka nini.