Siku Niliyosahau Kuzima Kipaza Sauti

Jumanne. Baridi ya Tunduma leo imekuja na upepo na vumbi lake lote, lakini mimi nimepata joto la kunitosha. Ni la aibu.

Naandika mapema, kabla sijaanza kujitetea.

Wiki iliyopita shule yetu ililetewa kifaa kwa ajili ya Eliza, mwanafunzi wangu wa darasa la sita ambaye hasikii vizuri. Yeye ana shimesikio, vile vifaa vidogo vya kusaidia kusikia, masikioni, na mimi navaa kipaza sauti kidogo shingoni kwa kamba. Nikiongea, sauti yangu inamwingia moja kwa moja, hata wenzake wapige kelele namna gani. Fundi aliyekileta alinionyesha jinsi ya kukivaa, kukichaji na kukizima. Kuvaa na kuchaji nilishika.

Leo saa nne, kengele ya mapumziko ilipolia, nikaenda zangu ofisini, inayotenganishwa na darasa langu kwa ukuta mmoja tu. Chai, muhogo, na mwenzangu Mwalimu Rehema. Nikamwambia kwamba Ijumaa nitawashtukiza watoto na jaribio la Hisabati, maswali mengi ya sehemu. Nikamwigiza Mwalimu Mkuu anavyosafisha koo kabla ya kutoa tangazo. Kisha nikapitia chooni, na huko, kwa kuwa nilikuwa peke yangu, nikaimba pambio zima na kulirudia.

Niliporudi darasani nikakuta jambo ambalo sijaliona tangu nianze kufundisha. Watoto wametulia, madaftari ya Hisabati yako wazi, wanafanya maswali ya sehemu bila kuambiwa. Mmoja akasafisha koo kama Mwalimu Mkuu. Darasa zima likaangua kicheko. Nikamtazama Eliza. Alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yanacheza.

Nikapapasa shingo. Taa ya kijani ilikuwa inawaka.

Mtoto huyu alikuwa amekaa katikati ya wenzake mapumziko yote, akiwatangazia kama mtangazaji wa mpira redioni.

Nilicheka nao. Ningefanya nini? Kisha kicheko kikanikauka, maana nilikumbuka nililomwambia Rehema wakati tunakula. Nilisema nimechoka. Kila kitu nakisema mara mbili, natembea na kamba shingoni kama mbuzi, na kwamba Eliza angepelekwa tu shule maalumu, wote tungepumua.

Nilisema hivyo. Hakuna wa kumsingizia.

Wakati wa kutoka nikamwomba abaki. Bado natafuta pa kuanzia, akaanza yeye.

"Madam, hiyo shule maalumu iko mbali?"

"Eliza, naomba unisamehe. Nilisema vibaya. Sitaki uende."

Akafikiri kidogo. "Hata mimi sitaki. Huko nani angeniambia jaribio ni Ijumaa?"

Nikamuuliza kama wenzake wanajua nilivyomsema.

"Hiyo sikuwatangazia."

Alisema hivyo akitazama viatu vyake, kwa sauti ndogo sana, hata mimi mwenye masikio mazima nikalazimika kuinama ili nimsikie.

Baada ya hapo akakigeuza kipaza sauti, akanionyesha swichi ilipo, akanitaka nikizime na kukiwasha mara tatu mbele yake. Nilipofaulu akaomba jambo moja: niache kuvaa ile shanga yangu kubwa, kwa sababu ikigonga kipaza sauti yeye anasikia lori linamwaga kokoto. Wiki nzima mtoto amevumilia kokoto, na mimi ndiye niliyekuwa nalalamika.

Shanga nimeivua. Jaribio litabaki Ijumaa, tena la sehemu vilevile. Kama wamesoma, siwezi kuwaadhibu kwa kusoma. Darasa limeniomba nirudie pambio, nimekataa. Rehema naye nimemweleza yote, akaniuliza kwa wasiwasi kama jina lake lilitajwa hewani. Nikamwambia alitajwa, na kwamba alisikika akitafuna.

Sasa najua kukizima. Eliza amehakikisha.

Kinachonisumbua ni hiki: kesho saa nne, kikiwa kimezimwa na hakuna anayenisikia isipokuwa Rehema, nitamsemaje mtoto huyu?