Mtulize, Umrudishe

Malindi,
Ijumaa, 15 Agosti 1986

Kwa kaka yangu Katana,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kazi ya mashamba ya chumvi huko Gongoni haijakupasua nyayo tena. Mimi mwili hauna neno. Lakini tangu Jumanne nina mlio masikioni: shaba ikigonga saruji, mara moja tu. Mlio huo unaujua. Ni bizimu ya mkanda wa marehemu baba, ule uliourithi wewe.

Kazi yangu ya kukanda wageni hapa hotelini inaendelea. Wengi hawajawahi kukandwa, nao huogopa. Mwenzangu Mueni huwacheka chinichini, eti wanalala kama kuku wanaongoja kunyonyolewa. Mimi nina njia yangu. Hupasha mafuta ya nazi, humweleza mtu nitaanzia wapi, kisha hugonga ubao wa kitanda na kusema hodi. Asiposema karibu, simgusi. Wazungu hulicheka neno hilo, na wakicheka mabega hushuka.

Jumanne mkeo Nyevu alikuja hapa chumbani ninamokandia, na kikapu, akasema mgongo unamuuma. Nilimlaza ubavu kwa sababu ya mimba. Nikapiga hodi mara tatu, hakujibu. Nilidhani ananionea haya, mimi wifi yake. Basi nikamwambia kwa upole alegeze mkanda wa gauni.

Kaka, neno hilo moja. Aliruka akajitupa chini ya kitanda, mikono kichwani, akinisihi nisimpige tumbo. Kikapu kikapinduka, na ule mkanda ukaanguka sakafuni. Alikuwa ameuchukua msumarini wewe ukiwa kazini, ili jioni usiukute.

Ilichukua saa nzima kumtoa pale. Nilipouona mgongo wake niliyafunika mafuta. Bizimu imejichora kila mahali, alama mbichi juu ya zilizokauka. Akivuta pumzi hulia. Sikio la kushoto halisikii tena.

Jana mjumbe wako Mwambire aliniletea maneno yako. Umesema ya nyumbani hayatoki nje, na kwamba hakuna mke aliyekufa kwa kuadhibiwa. Umesema kutuliza waoga ndiyo kazi yangu, basi nimtulize, nimrudishe kabla ya Jumapili. Mwambire anasema ulicheka, ukaongeza kwamba hata mama nilimweza.

Ni kweli, nilimweza. Ila wewe ulikuwa shule ya bweni, hujui yote.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alikuwa amefunga nguo zake kwenye leso, arudi kwao. Baba alinipa chupa ya mafuta, akaniambia mama akikandwa na bintiye atatulia. Nilimkanda miguu. Nilimwambia mama kwamba baba amechoka tu, hatarudia. Nilimwambia mpaka akalala, na asubuhi akaifungua ile leso. Siku ya tatu baba alimpiga kwa bizimu kichwani mbele yangu, akampiga hata alipokwisha nyamaza, damu ikarukia sufuria ya ugali. Hakuteleza kisimani, kaka. Hilo nilifundishwa kusema, na mimi ndiye niliyewaambia waombolezaji, kwa sauti tulivu kabisa. Mikono yangu ilijifunza kazi yake kwa mama.

Nyevu sikumtuliza. Nilimwambia ana haki ya kuogopa, na aogope zaidi. Leo asubuhi tumetoka hospitali na cheti cha daktari, tukaenda moja kwa moja kituo cha polisi. Nimeandika yote, ya mgongo wake na ya mama, nikatia sahihi. Mkanda nimeuacha mezani kwa polisi. Usimtafute kwa wazazi wake wala kwangu; hayuko.

Nisalimie wote wanaoniulizia hapo Gongoni. Barua hii nampa Mwambire, lakini huenda askari wakamtangulia. Hao sidhani kama watapiga hodi.

Ni mimi mdogo wako,
Dorcas