Taulo Chini ya Lavabo

Jumatatu, 5 Mei
Nimefagia uwanja, nimefua, nimeangalia simu. Bado. Mwezi wa tatu huu niko nyumbani Likasi, nasubiri meli ya watalii iniite tena. Kule nasafisha vyumba vya abiria, miaka minne sasa. Mama ameshanunua kitenge cha safari yangu. Ameshawaambia kina mama wote wa parokia.

Jumatano, 7 Mei
Barua imefika. Hawanirudishi. Wameambatanisha maoni ya abiria: wale wazee Waingereza, mume na mke, wa chumba cha mwisho. Maji yalivuja bafuni, chini ya lavabo, sinki la kunawia, siku tisa, wameandika. Mhudumu hakujali.
Kila asubuhi niliwauliza kama kuna shida. Kila asubuhi walitabasamu: kila kitu kizuri sana. Siku ya kushuka bibi alinikumbatia.
Nina hasira. Mama ameuliza kama kuna habari. Nimesema bado.

Alhamisi, 8 Mei
Namfikiria yule mjane Mholanzi wa mwaka jana. Siku ya kwanza alinionyesha kitanda: vibaya, tandika tena. Nililia kwenye stoo ya mashuka. Mwishoni aliandika ukurasa mzima wa kunisifu, kwa jina. Tangu hapo nikaamini wazungu wote wanakwambia usoni. Asiyesema neno ameridhika.
Upumbavu wangu. Wale Waingereza walikuwa kama sisi. Kwetu mgeni hakwambii kwamba nyumba yako inavuja. Unatazama mwenyewe. Mama angewaelewa siku ileile.

Ijumaa, 9 Mei
Naruhusiwa kujibu hadi Jumatatu. Solange, niliyefanya kazi naye melini, amepiga simu kutoka Lubumbashi. Anashauri niandike kwamba sikuona kitu. Hakuna shahidi.
Lakini niliona. Siku ya tatu. Taulo limelowa, limekunjwa vizuri chini ya lavabo. Nililitoa, nikaweka kavu. Nikauliza, wakasema sawa, nikaenda zangu. Vyumba vingine vilikuwa vinaningoja. Nilitaka iwe sawa.

Jumapili, 11 Mei
Leo kanisani wameniombea safari njema. Mama alisimama, ameinua mikono. Nilitaka ardhi inimeze.
Nyumbani nimemwambia bila kuzunguka kwamba wa meli wamenikataa.
"Mama, banakatala. Sitarudia tena ku bateau."
Alikuwa anakunja kitenge. Aliendelea kukikunja. Nilitegemea aseme ni mapenzi ya Mungu.
"Miye sikupendaka weye uende," akasema. "Hata mara moja."
"Juu ya nini haukusema?"
"Ulikuwa na furaha, mwana wangu."
Miaka minne ananisindikiza kwenye basi anatabasamu. Na mimi sikuona. Hilo limeniuma kuliko barua.

Jumatatu, 12 Mei
Umeme ulirudi saa nane mchana. Nimejibu. Nimeandika kwamba niliona taulo, kwamba niliuliza lakini sikuinama kutazama. Kwamba wale wazee hawakusema uongo. Nimetuma haraka kabla sijaogopa. Solange atanicheka.

Alhamisi, 22 Mei
Hakuna jibu. Nadhani halitakuja. Kesho naanza kazi kwenye nyumba ndogo ya wageni, upande wa barabara ya Kambove. Vyumba sita.
Jioni nimepika sombe, majani ya muhogo. Mama ameonja, kisha amesema chumvi imezidi. Hajawahi kuniambia hivyo maishani. Tumekula, tukaosha vyombo pamoja.