Kikombe Kisichojaa

Jumatatu, 6 Machi 1978
Malaba. Nimeziba pancha nne kabla ya chai ya saa nne. Malori yamepanga mstari mpaka relini. Jioni nikaenda hoteli ya Mama Auma kumalizia ile hadithi ya chatu aliyemeza tairi la lori. Kiti changu kando ya jiko kimekaliwa. Na Wandera, mtoto wa marehemu kaka yangu. Amerudi kutoka masomoni, mji unaitwa Tashkent, huko kwa Warusi. Anasimulia, watu wanamsikiliza kama kanisani. Nikarudi nyumbani na chatu wangu.

Jumatano, 8 Machi
Tena Tashkent. Ati ni mji wa zamani sana, misafara ya ngamia ilikuwa inapumzika hapo. Ati ardhi ikatetemeka, nyumba zikaanguka, mafundi wakaja kutoka kila pembe ya nchi kuujenga upya. Sasa treni inapita chini ya ardhi, na stesheni zina nguzo za marumaru. Ningesema mimi, wangecheka. Yeye wanamwamini. Mzee Okumu akaniambia, "Barasa, chatu wako hana picha. Huyu anazo." Nina wivu.

Ijumaa, 10 Machi
Jumapili tunapeleka ng'ombe Funyula, kwa wazazi wa mchumba wa Wandera. Msemaji wa ukoo ni mimi. Harusi ya baba yake nilipunguziwa ng'ombe watatu kwa hadithi moja ya fisi. Lakini nasikia wengine wanamtaka mwalimu wa Matayos. Msomi amsemee msomi.

Jumamosi, 11 Machi
Kikao kwa shemeji Nekesa, mama yake Wandera. Wandera mwenyewe alimimina chai. Vikombe vya wote vikajaa. Changu, hata nusu hakikufika. Okumu akasema, "Barasa amepimiwa dawa." Wakacheka. Kwetu ukitiliwa hivyo umeambiwa nenda. Nikaenda. Nikawaambia watafute msemaji mwingine.
Wakampa mwalimu.

Jumapili, 12 Machi
Asubuhi shemeji akaja nikifunga kamba za viatu. Anasema huko Tashkent mgeni wa heshima anatiliwa kidogo, ili kikombe kirudi mara nyingi. Kikombe kilichojaa maana yake kunywa uondoke. Mtoto alitaka kunitukuza mimi peke yangu. Kumbe aliyefukuzwa ni Okumu. Nilifurahi, halafu nikakumbuka mwalimu.
Funyula mwalimu alisema vizuri. Iliniuma. Baada ya chakula wakwe wakamuuliza Wandera habari za Tashkent. Akajibu, "Muulizeni baba mdogo. Yeye ndiye anajua kusimulia." Nikausimulia mji nisiouona. Tetemeko, treni, marumaru. Sikuongeza kitu. Ngamia tu, niliwafanya weupe.

Jumatatu, 13 Machi
Pancha mbili. Mvua kidogo. Jioni kiti changu kilikuwa wazi. Wandera akavuta kreti, akakaa kando yangu na birika. Akanitilia kidogo. Nikanywa. Kidogo tena.
Mwalimu akapita kutusalimu. Wandera akamjazia mpaka ukingoni. Mwalimu akashukuru sana.
Mimi nikasogeza changu kwa Wandera, kidogo tena.