Viazi na Udongo Wake

Jumanne, 6 Mei
Mgongo umeniamsha kabla ya jogoo. Nimepalilia tuta la mwisho nimekaa kwenye kigoda, ndivyo ninavyolima siku hizi. Matuta yamepasuka. Maana yake viazi vimenenepa. Mke wangu, Mama Kulwa, amechimba vya mchana, vyekundu, vya ungaunga. Huku kwetu kiazi kitamu ni zao la wanawake, kwa hiyo wachimbaji wa dhahabu wakipita nyuma ya uzio wananisalimu "Shikamoo, Mama Viazi." Naitikia marahaba. Wao wameshindia maandazi, mimi nimeshiba.

Jumamosi, 10 Mei
Masanja amekuja tena kunisaidia kuchimba. Tangu kifusi kiniangukie, wenzangu wote wa shimoni wamenisahau. Yeye hapana. Miaka mingi tulishuka duara moja, shimo moja la dhahabu, kamba moja. Nimempa ndoo ya viazi. Mama Kulwa alitaka kuvisuuza kwanza, Masanja akamzuia. "Acha na udongo wake, shemeji. Vikioshwa vinaoza upesi."
Ni kweli kabisa. Nilifurahi. Mchimbaji anayejua kutunza kiazi!

Jumapili, 18 Mei
Misa ndefu. Mchana Masanja. Leo amechimba chini sana, hata mzizi haufiki huko. Nikamtania kwamba amesahau, hapa hatuko duarani. Alicheka, lakini alichelewa kucheka. Akaondoka na kiroba kizima. Na udongo wake.

Alhamisi, 22 Mei
Sina hamu ya kuandika. Nisipoandika nitapasuka.
Nilimpelekea Masanja matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha. Hodi, kimya. Nikazunguka nyuma. Viazi vyangu vyote vimerundikwa ukutani. Vimeoshwa vikatakata. Vimeoza. Hakikuliwa hata kimoja. Kando yake karai, maji ya tope, na mchanga mweusi umejipanga pembeni, mwembamba kama mkia wa panya. Mchimbaji yeyote anaujua mkia huo.
Alikuwa anapima sampo, anaosha udongo wangu kutafuta dhahabu. Alikuwa analibeba shamba langu nyumbani kwake kidogo kidogo, nami namshikia kiroba.
Nimerudi na matobolwa yangu. Mama Kulwa ameniuliza kwa nini. Nimesema hawakuwepo.

Ijumaa, 23 Mei
Kaka Luhende amepiga simu kutoka Kahama, anakouza mchele. Kiwanja hiki ni chake. Nilipoumia alisema, kaa hapo, mdogo wangu, lima, usiwe na wasiwasi. Leo kaongea haraka haraka. "Masanja alikuja huku. Ule udongo wa uani una punje. Tunafungua duara. Na wewe hatutakusahau." Hakuuliza chochote. Mimi wa tumbo moja naye nimekuwa wa kutosahauliwa, kama mlinzi wa geti.
Nimemweleza Mama Kulwa yote. Akasema, "Si hapo hapo nilikuwa nafulia nguo zako za shimoni?"
Mungu wangu. Ni pale. Miaka yote ile, tope la duara limetoka kwenye suruali zangu, likamwagwa pale. Punje anazoziona Masanja zimetoka kwenye magoti yangu. Chini hakuna kitu.

Jumamosi, 24 Mei
Nimempigia Kaka. Nimemweleza habari ya nguo. Akacheka. "Yaani dhahabu ya kufua?" Nikamfuata Masanja, akiwa anachonga mpini. Hakuona hata aibu ya viazi. Akaniambia, "Baba Kulwa, na mimi ningekuwa na eneo kama lile ningesema hivyo hivyo. Unataka ubaki nalo peke yako."
Hilo ndilo limeniuma kuliko karai. Anadhani mimi ni kama yeye.

Jumatano, 28 Mei
Masanja na wenzake wamekuja asubuhi na moko, zile patasi za kupasulia mwamba, na sururu. Tuliomba watuache tuvune kwanza. Masanja akasema sawa, mpaka saa sita. Mama Kulwa amechimba huku analia, vikubwa kwa vidogo, hata visivyokomaa. Mimi mgongo, nimekaa tu, nakata marando ya mbegu na kuyafunga. Saa sita haijafika wakaanza kwenye tuta la katikati.
Namchukia Masanja. Nimelala kitanda kimoja na chuki yake na nimeamka nayo. Kaka simchukii. Kaka namwonea haya, na hiyo ni mbaya zaidi.

Jumatatu, 9 Juni
Duara limepita urefu wa nyumba. Kifusi kimefunika matuta yote, limebaki moja tu kando ya bafu. Vumbi kwenye uji. Wananiomba maji ya kunywa. Mama Kulwa anawapa. Mimi sijatoka ndani.

Alhamisi, 19 Juni
Mwamba mtupu. Nimeusikia kwa mlio wa nyundo, sihitaji kuambiwa. Nilidhani nitafurahi.

Jumapili, 29 Juni
Wameondoka. Hawakuaga, hawakufukia. Wamebeba hata mti wa winchi. Kaka hajapiga simu. Nimewaza nimpigie mimi, nikaiweka simu chini. Tumezungushia shimo miiba kwa ajili ya mbuzi wa watu.

Jumamosi, 12 Julai
Kimya uani. Marando niliyoyatunza nimeyapanda karibu na tuta lile la bafu, yanakunywa maji ya kuogea. Yameshika.
Jioni Masanja alisimama kwenye uzio. Amekonda. Aliyemkopesha mafuta ya jenereta anamtafuta, na mkewe kaenda kwao na watoto. "Mwadila, Baba Kulwa." Nikaitikia salamu. Hakusema samahani. Alisema hajala tangu jana.
Niliinuka, nikachimba tuta la bafu kwa mkono. Viazi vinne vizuri. Mama Kulwa alileta kiroba. Nikamwambia alete karai na maji. Nikaviosha mwenyewe, mbele yake, kimoja kimoja, kwenye kila kikunjo, mpaka hakikubaki kidoa cha udongo. Maji nikayamwaga shimoni.
Nikampa. Nikamwambia, "Uvile leo leo. Vilivyooshwa vinaoza upesi."
Alivipokea kwa mikono miwili. Kisha nikaingia ndani, nikakuta ugali tayari.