Mchuzi Uliorudishwa Jikoni

Arua, Jumanne, mwezi wa Ramadhani, 1974

Bakuli nne za mchuzi wa mbuzi zimerudi jikoni leo, chumvi tupu. Bosi akaja amefura, akaishia mlangoni. Ndani haingii, moshi wa kuni unamchoma macho. Dirisha alilipigilia mbao mwenyewe, eti moshi usiwafikie wateja. Sisi je? Tunaumeza.

"Nani naweka chumvi namna hii?"

Nikasema mimi. Kweli niliyetia ni mimi, lakini nimefunga, siwezi kuonja. Mwezi huu anayeonja ni Rozi wa Pajulu, maana yeye Mkristo. Nilimpa mwiko mara tatu. Mara mbili akasema bado. Ya tatu akasema, "Iko sawa, dada."

Bosi alipoondoka, Rozi akakaa juu ya kuni, akawa analia huku anakohoa.

"Dada Hawa, mimi hapana sikia ladha. Wiki mbili sasa. Mimi naangalia uso yako tu, nasema iko sawa. Yeye akijua, atanifukuza."

Wiki mbili! Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Ana watoto wawili, na kile kikohozi chake...

Magharibi nilifungua kwa maji. Kisha nikajipakulia mchuzi ule ule uliorudishwa, nijue tumeuharibu kiasi gani.

Kijiko cha kwanza. Cha pili. Chumvi siisikii. Nilikuwa nimeshika kopo la chumvi, nataka kuongeza, ndipo nikaelewa.